Mahindi Yaliyoota Jikoni

Wengi walionicheka mwaka ule bado wapo hai, na mimi nawaombea maisha marefu kabisa, maana nataka waendelee kuona. Mtu akikucheka kisha akafa mapema anakuwa amekudhulumu. Hawa wangu wapo, tunasalimiana vizuri njiani, na kila kipupwe kikikaribia wanawatuma watoto wao kuja kuniomba mbegu. Nawapa. Ila nawaambia, "Kamwulizeni mama yenu kama anakumbuka alivyokuwa akiniita." Watoto hawaelewi, wanachukua mbegu wanakimbia.

Waliniita Mtetea wa Matogoro. Eti naatamia mahindi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, soko huria limefunguliwa. Maduka ya Songea mjini, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na foleni ya sabuni, yalijaa ghafla: mitumba, redio, vitenge, sabuni za kila rangi. Lakini mbolea, ambayo zamani tuliipata kupitia chama cha ushirika, ikawa kitu cha kutazama dukani na kupita. Chama chenyewe kikayumba. Mume wangu, aliyekuwa karani wa mizani kwenye ghala lao, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani na kalamu yake mfukoni mwa shati, na tangu siku hiyo akawa mtu wa barazani, redio magotini, akisikiliza habari za watu wenye kazi.

Tuliishi Matogoro katika nyumba ya mama yake, mjane. Shamba la mlimani lilikuwa limechoka, na bila mbolea lilitoa mahindi ya kuonea huruma. Kilichobaki ni bonde. Hicho kilikuwa kipande cha ardhi nyeusi kando ya kijito, chini kidogo ya nyumba, chenye unyevu hata kiangazi kikikaza. Bonde lilikuwa mali ya mama mkwe. Alilifyeka mwenyewe ujanani akiwa na mtoto mgongoni, na hakuna mwanamume wa ukoo aliyethubutu kulisemea. "Bonde ni la anayelisha nyumba," ndiyo kauli yake. Mume wangu alipokosa kazi, mama mkwe akanipa mimi nilime.

Mwaka wa kwanza nilipanda nyanya, ukungu ukazila zote. Mwaka wa pili nikapanda mahindi yetu ya kawaida, tena mapema, katikati ya kipupwe, ili yawe mabichi wakati mji mzima hauna hindi la kuchoma. Yalioza ardhini. Anayekijua kipupwe cha Songea hatashangaa. Upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro, ukungu unalala bondeni hadi saa nne, na udongo unakuwa wa baridi mpaka nyayo zinauma.

Mama mkwe hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza! Alisubiri Jumapili, tumetoka misa, tumekula, akasema mbele ya mume wangu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mkamwana, nakupa mwaka mmoja zaidi. Nao ukitoka bure, Novemba ikiingia na sikukuu ya Watakatifu Wote ikipita, namwita shemeji yako kutoka Lusewa aje alime bonde. Na akija, anakuja na mke na watoto wake, watakaa humu. Ninyi mtaangalia pengine."

Pengine wapi? Kwetu kaka zangu walikuwa wameshagawana hadi mipaka ya mipaka. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Akapunguza sauti ya redio, akaiongeza tena. Basi nikajua vita hii ni yangu, na kwamba nikishindwa, watoto wangu watakuwa wageni kwa watu.

Shemeji mwenyewe ni mdogo wake mume wangu, mkulima hodari, sikatai. Lakini ana majivuno yule mtu! Kila akija kusalimia Krismasi lazima atembelee bonde mikono nyuma, akitikisa kichwa, kisha aseme, "Ardhi kama hii ingekuwa mikononi mwa mwanamume..." Hamalizii. Anakuachia umalizie mwenyewe.

Kipupwe kilichofuata, mbegu zilinijia kwa njia ya utani. Sokoni mjini palikuwa na muuza mitumba mmoja, Myao wa Nalasi, kule Tunduru kwenye mikorosho, Mwislamu mcheshi sana. Sisi Wangoni na Wayao ni watani, kwa hiyo hatukuwahi kumaliza biashara bila kutukanana kwanza.

"Mngoni, leo umekuja na hela au umekuja na mkuki?" akaniuliza siku hiyo nilipoinama kuchagua sweta za watoto.

"Nimekuja kuchukua nguo mlizotuibia mkikimbia vita," nikamjibu.

Akacheka hadi akashika mbavu. Tulipopatana bei ya sweta, akaingiza mkono chini ya meza, akatoa mifuko miwili ya karatasi ngumu, kila mmoja kama wa robo ya sukari, imechorwa hindi la manjano linalong'aa.

"Shika hii, nyongeza yako. Imekuja ndani ya mzigo, mimi sina shamba hapa. Kila ninayempa akifungua ananirudishia, anasema namtapeli."

Nikafungua. Punje zilikuwa zimekunjamana, nyepesi, zimebonyea pande zote. "Mtani, hizi zimekufa!"

"Wallahi hazijafa. Aliyeniletea anasema ndivyo zilivyo, ni mahindi matamu, yanaliwa mabichi tu, utadhani umechovya kwenye sukari. Panda, dada yangu. Inshallah zikiota, niletee hindi moja. Zikikataa, niite Mngoni mbele ya soko zima."

Kwa utani huo nikazichukua. Maandishi ya kwenye mfuko yalikuwa ya lugha ambayo hata mume wangu, na Kiingereza chake cha ghalani, hakuitambua. Nikasema liwalo na liwe. Nikaupanda mfuko wa kwanza bondeni, nikangoja. Kimya. Nikangoja tena. Nikachimbua shimo moja kwa kidole, punje ikatoka imekuwa uji unaonuka. Nikachimbua la pili, la tatu, hivyo hivyo. Nilikaa kwenye tuta, na baridi ile, nikasema kwa sauti, "Ee Mungu, mimi nimekukosea nini?" Vyura ndio walionijibu.

Ukabaki mfuko wa pili. Nikauweka jikoni, juu ya dari la fito linalopata moshi, mahali mama mkwe anapoweka mbegu zake wadudu wasizile. Nilitaka nipate utulivu wa kufikiri. Alhamisi nikaenda sala ya jumuiya.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mbegu ya mahindi haipandwi hivi hivi. Mwanamke anayejiheshimu anaketi na ungo, anapukuchua hindi, punje za kichwani anatupa, za mkiani anatupa, anabakiza za katikati, nene, zilizojaa, zinazoteleza mkononi. Iliyonyauka ni ya kuku, haina mjadala. Na katika kazi hiyo mama mkwe wangu alisifika Matogoro nzima. Alikuwa akipitisha vidole tu juu ya ungo, hata haangalii, punje mbovu inatoka.

Niliporudi jumuiya nikamkuta mlangoni mwa jiko, ungo mtupu magotini, na uso wa mtu aliyekutendea wema.

"Nimekusaidia kuchagua mbegu zako, mkamwana," akasema. "Nimetafuta hata moja ya kupanda, hakuna. Huyo Myao amekupa maiti."

"Umeziweka wapi, mama?"

Akaelekeza kidevu ndani. Kuku wote wa nyumba ile walikuwa jikoni wanashindana kudonoa.

Loo! Nilipiga ukelele uliomtoa mume wangu barazani bila viatu. "Mama, hizo ndizo zenyewe! Ndivyo zilivyo!" Nikajitupa chini na kitenge changu cha kanisani, nikawa natambaa na kugombania punje na majogoo. Mtetea mmoja nilimbana mapajani nikamtoa punje mdomoni. Mume wangu akaingia kusaidia. Mama mkwe alisimama na ungo wake, ameshangaa. Aliona mkamwana wake amerukwa na akili kwa sababu ya chakula cha kuku. Mwisho wa vita nilikuwa na kikombe cha chai kilichojaa punje. Nikakaa sakafuni nikalia, na kilikuwa kilio cha hasira tupu. Hasira zangu zikija namna hiyo ni bora watu wakae mbali, na siku hiyo walikaa mbali.

Kwa siku kadhaa tulisemeshana kwa mambo ya lazima tu: chumvi, maji, kuni.

Asubuhi moja nikawa nafagia jikoni. Nyuma ya mafiga, kati ya moto na ukuta, palikuwa na mtungi wa maji uliokuwa ukivuja polepole, nasi tulishazoea. Nikaingiza ufagio pale kutoa majivu, nikaona kijani. Nikainama. Zilikuwa punje zilizobingirika siku ile ya vita, mahali midomo ya kuku haikufika. Zilikuwa zimeota! Vijani vimechongoka, vimesimama wima, vina afya kuliko mimi.

Nilitupa ufagio, nikaketi nikazitazama. Bondeni zimeoza, hapa zimeota. Udongo wa sakafu ile ulitoka bondeni kule kule. Maji ni ya kijito kile kile. Kilichozidi hapa ni joto la moto. Kumbe mbegu hazikuwa mbovu, wala mkono wangu haukuwa na mkosi kama walivyoanza kunong'ona. Zilisikia baridi tu, masikini, kama mtoto yeyote.

"Mama!" nikaita. "Njoo uwaone maiti wako!"

Akaja, akashika goti, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akagusa jani moja kwa ncha ya kidole. Kisha akajinyoosha.

"Haya, yameota," akasema. "Sasa utayalimia hapa hapa jikoni? Kwa sababu mahindi hayahamishwi. Ukiling'oa hindi umeliua, hata mtoto anajua."

Na alisema kweli. Hindi si kabichi. Mzizi wake ukiguswa linanuna, linadumaa, linakuwa si lako tena. Nililala na swali hilo, na nilipoamka nilikuwa na jibu. Parokiani nilishaona miche ya miti ikioteshwa kwenye viriba, vile vifuko vya udongo, kila mche na kifuko chake, unapandwa bila mzizi kuguswa. Viriba vya nailoni sikuwa navyo. Lakini migomba tulikuwa nayo, na mgomba una magamba yale makavu yanayojichuna shinani.

Nikamwendea mume wangu barazani. Nikazima redio.

"Leo tuna kazi ya ofisini," nikamwambia.

Nilidhani atakasirika. Akaniuliza tu, "Kazi gani?" Nikamwonyesha: chukua gamba, liloweke lilainike, likunje liwe duara kama kikombe, lifunge kwa kamba ya gamba hilo hilo, jaza udongo na samadi ya mbuzi iliyooza. Cha kwanza alichofunga kilifumuka. Cha pili kikapinda. Kufikia mchana alikuwa anafunga vizuri kuliko mimi, vyote kimo kimoja, na alivipanga kwa mistari kama magunia ghalani. Jioni nikamsikia anapiga mbinja. Nilikuwa sijaisikia mbinja hiyo tangu apunguzwe kazi, nami nikajifanya sijaisikia ili asiache.

Tukaloweka punje zangu za kikombe katika maji ya vuguvugu, tukapanda kila moja katika kiriba chake, tukavipanga jikoni kuzunguka mafiga. Jiko lote likajaa. Kupika ikawa ni kurukaruka. Mama mkwe, mwenye jiko lake, aliingia akatazama, akatukana kidogo kwa Kingoni, kisha akachukua kigoda chake akakisogeza ukutani kabisa, viriba vipate kukaa karibu na moto. Kuomba radhi hakuomba. Lakini kuku aliwahamishia nje siku hiyo hiyo, kwa fimbo.

Ndipo Matogoro walipopata cha kucheka. Mke wa jirani alikuja kuomba moto, akaona. Kabla hajafika kwake na kijinga chake cha moto, kijiji kizima kilishajua. "Hodi kwa mtetea! Vifaranga wameanguliwa?" Kisimani wakinipisha: "Pisheni, pisheni, huyu ameacha anaatamia, yatapoa!" Mwingine akaniuliza kama nayanyonyesha. Nilimwambia, "Ndiyo, na yakikua yatakuja kukuposa." Sikuwa mtu wa kunyamaza, na hata leo siyo.

Yaliota, asante Yesu na Maria! Karibu yote. Lakini furaha yangu ilikuwa fupi, maana kwenye giza la jiko yalianza kurefuka ovyo, membamba, ya manjano, yameinama yote kuelekea mlangoni. Yalitaka jua. Nje kulikuwa na jua, ila na upepo pia. Tukakata shauri: asubuhi ukungu ukipanda tunayatoa uani penye jua, nyuma ya ukuta unaozuia upepo, na jua likianza kulegea tunayarudisha kwa moto. Kila siku ya Mungu. Nani wa kuyabeba? Mume wangu. Aliweka viriba juu ya ubao wa mlango wa zamani, akaushika upande mmoja, mimi wa pili, tukawa tunatoka na kuingia kama watu wanaobeba mgonjwa. Vijana waliopita njiani wakampa cheo: Karani wa Mahindi. Mara ya kwanza nilimtazama usoni, nikaogopa atarudi kwenye redio. Akawaambia, "Karani mkuu, tafadhali," akaendelea kubeba. Siku hiyo nilimpenda upya, nalisema hili waziwazi, na sina haya.

Kipupwe kilipoanza kuachia na udongo wa bonde ukaacha kuuma miguu, tukahamisha. Tulichimba shimo, tukateremsha kiriba kizima kizima na gamba lake, maana gamba litaoza lenyewe na mzizi utapita. Mama mkwe alisimama juu ya ukingo, akitazama. Watu walikuja kutazama pia, wengine na vigoda.

Wiki hiyo upepo wa baridi ukarudi, wa kuaga. Majani yakageuka zambarau, yakalala. Bonde zima likaonekana limeshindwa, na waliokuja na vigoda wakaondoka wameridhika. Jioni moja mama mkwe akamsimamisha mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Lusewa. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. "Mwambie mwanangu ajiandae. Watakatifu Wote asikose."

Niliingia bondeni na mundu kama mwendawazimu. Nikakata nyasi, nikafunika kila mche kwa kibanda chake cha nyasi, nikawa nafunua asubuhi na kufunika jioni, mume wangu upande wa chini, mimi upande wa juu. Hatukuzungumza mambo ya Lusewa. Tulikuwa tunakutana katikati ya bonde, tunanyoosha migongo, tunarudi nyumbani.

Jua lilipokaza kweli, yakaamka. Na yalipoamka, jamani, hayakusubiri mtu! Jani likatoka juu ya jani. Yakanipita goti, yakanipita kiuno, na huku mashamba yote ya Matogoro ni vumbi na mabua makavu, bonde langu likawa kijani unachokiona kutoka barabarani. Wapita njia wakawa wanasimama. Mbelewele zikatoka juu, nywele zikatoka kwenye mahindi, laini, rangi ya asali. Kisimani sasa walikuwa wananisalimia kwanza. Yule wa kunyonyesha aliniuliza kwa upole kama magamba ya mgomba wowote yanafaa.

Mama mkwe naye akaanza kushuka bondeni kila asubuhi na fimbo yake. Alikuwa anabonyeza hindi juu ya maganda, anasema, "Bado. Acha yakomae, tupate unga." Nikamwambia haya si ya unga, yakikomaa yatanyauka kama alivyoyaona kwenye ungo. Akanitazama kwa mashaka. Mahindi yasiyo ya unga alikuwa hajapata kuyasikia, na alijua mwanawe yuko njiani.

Shemeji hakungoja Watakatifu Wote wapite. Alifika mapema, mchana, na jembe jipya begani na mzigo wa nguo. Nilimsalimia, nikampa maji ya kunywa. Akanywa, akasimama ukingoni mikono nyuma, akatazama kijani kile. Safari hii hakutikisa kichwa. Alisema, "Mabua mazuri. Yatafaa kulisha ng'ombe nikishayang'oa."

Nilishuka bondeni, nikapasua ganda la hindi moja, nikalichoma punje kwa ukucha. Maziwa yakaruka. Tayari! Nikajaza kikapu, nikapandisha jikoni, mengine nikachemsha, mengine nikachoma kwenye makaa, nikayapeleka barazani kwenye sinia. La kwanza nikampa mama mkwe kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Alilitazama pande zote. Akauma kwa meno yake ya upande, yale yaliyobaki. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akatazama mlango wa jiko.

"Umetia sukari," akasema.

"Sijatia, mama."

"Mkamwana, mimi ni mtu mzima. Umetia sukari kwenye maji."

"La kuchoma halina maji, mama. Onja hilo."

Akaonja la kuchoma. Akaliweka chini. Akainuka, akachukua fimbo yake, akashuka bondeni. Tukamfuata wote, shemeji akiwa na hindi lake mkononi, anatafuna huku anatembea. Mama mkwe akaingia katikati ya mistari, akachagua hindi mwenyewe kwa vidole vile vya ungo, akavunja, akamenya, akaliuma bichi, pale pale, halijaona moto wala sufuria. Juisi ikamtiririka kidevuni. Akakaa chini kwenye tuta na kitenge chake safi, akala hindi zima bichi hadi gunzi likabaki jeupe. Halafu akaanza kucheka. Nimeishi naye miaka mingi, sikuwahi kumsikia akicheka vile, kwa tumbo lote, machozi yanamtoka.

"Na mimi niliwapa kuku!" akasema. "Kuku!"

Kesho yake alfajiri alimwamuru shemeji abebe tenga kubwa kuliko yote kwenda sokoni, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu. Akabeba, afanyeje. Tulitandika magunia karibu na meza ya yule mtani wangu, nami nikampa hindi lake kabla sijamsalimia. Akauma, akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akapanda juu ya kiti akatangazia soko zima kuwa Mngoni ameanza kulima badala ya kupigana, njooni muone ajabu. Wakaja. Walimu wakaja, masista wakaja, wafanyakazi wa ofisini wakaja na mifuko. Kabla jua halijakaza matenga yalikuwa matupu, na watu wanauliza kesho mtakuja saa ngapi. Mume wangu alikuwa anawajibu kwa sauti ya karani mwenye kazi.

Tuliporudi tulimkuta mama mkwe bondeni, amesimama kwenye kona ya juu, kando ya kijito. Pembeni yake alikuwa amelaza vipande vya mnyaa alivyokata, ule mti wa utomvu tunaopanda kwetu kuonyesha mpaka. Alikuwa amewaita majirani wawili wazee, mume na mke, wawe mashahidi. Tukawaamkia. Shemeji akaweka tenga chini, akafuta jasho, akachukua jembe lake jipya akiwa amejaa matumaini, kwani kuonyeshwa mpaka ni kukabidhiwa.

Mama mkwe akanishika mkono mimi. Akaniongoza kutoka kona hadi kona, kijitoni, kwenye jiwe, kwenye mfereji, mpaka tuliporudi tulipoanzia, na kila kona akasema kwa sauti, mashahidi wasikie, "Hapa ni pake. Na hapa ni pake." Kwetu mkamwana haonyeshwi mpaka. Anaonyeshwa jiko. Nilitembea sioni vizuri, macho yamejaa, na wala sikuyafuta.

Kisha akaokota kipande cha kwanza cha mnyaa, akamgeukia mwanawe wa Lusewa.

"Chimba shimo," akamwambia. "Chimba wewe, kwa jembe lako, ili siku nikifa usije ukasema hukujua mpaka wa shemeji yako uko wapi."

Akachimba.